Cheti kwanza, kisa baadaye: jibu kwa msomaji wa Lamu anayetaka kusomea sheria

Swali limetoka kwa binti wa miaka 25 anayeishi mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo wakili. Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha wadi ya Basuba, Lamu Mashariki. Mwaka 2014 nilikuwa darasa la sita. Baada ya mashambulizi walimu wetu waliondoka na shule ikafungwa. Nilikaa miaka miwili nyumbani hadi shangazi aliponichukua Lamu mjini, nikaanza tena darasa la sita. KCPE, mtihani wa darasa la nane, nilifanya 2018. Nilipofika kidato cha pili ikaja korona, shule zikafungwa tena. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2022 nilipata C-. Kiswahili B-, Dini ya Kiislamu B, Historia C+, Biashara C, Kiingereza C-, Biolojia D+, Hisabati D-, Kemia D-. Sasa nakaa kwenye duka la M-Pesa la jamaa yangu. Nataka kuwa wakili. Chuo kimoja kimeniambia nianze na cheti cha sheria, kisha diploma, kisha digrii, na wanataka nusu ya karo mwezi huu. Nifuate njia hiyo? Na nikiviandikia vyuo vikuu barua nieleze niliyopitia, wataweza kunipunguzia alama?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako la mwisho nitalijibu kwanza, kwa sababu ndilo lililobeba matumaini yako yote.

Hapana, hawatakupunguzia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 56, inaiagiza Serikali iwape watu wa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalumu katika elimu, na jamii ya Waboni wa Basuba ingekuwa ya kwanza kuhesabiwa hapo. Haki hiyo unayo, na kuna mahali utaitumia, nitakuonyesha mbele. Lakini anayesajili wanafunzi wa sheria hapa Kenya hasomi barua za maisha. Anasoma hati ya matokeo. Nchi nyingine, kama Marekani na Uingereza, mwombaji wa chuo cha sheria huandika insha kuhusu nafsi yake, na aliyesoma kwa tabu hupata pa kujieleza. Vijana wengi wanaona mambo hayo kwenye intaneti, wanakesha wakiandika barua nzuri, halafu barua inafika kwa karani asiye na mamlaka ya kuifanyia lolote. Sitaki nawe ukeshe hivyo.

Sheria ina milango miwili, na watu wengi huutazama mmoja tu. Wa kwanza ni chuo kikuu. Kanuni za elimu ya sheria za mwaka 2016, zinazosimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, zinamtaka mwenye KCSE awe na wastani wa C+ na B isiyo na alama ya kutoa katika Kiingereza au Kiswahili. Soma neno hilo "au" mara mbili. Mlango wa pili ni Kenya School of Law, kule Karen, Nairobi. Kila mwenye digrii ya sheria anayetaka kuwa wakili lazima apite hapo, asome takriban mwaka mmoja, afanye mitihani ya Baraza, na afanye mafunzo ya miezi sita chini ya wakili. Chuo hicho kina sheria yake yenyewe, ya mwaka 2012, na nayo ina masharti yake ya kuingia.

Sasa ona tatizo linapoanzia. Yapo masharti yanayomruhusu mtu kuingia chuo kikuu kwa diploma au kwa digrii nyingine, bila C+ ya KCSE. Mtu hupanda ngazi hizo kwa miaka, anapata digrii yake ya sheria, anakwenda Karen, anaambiwa: lete KCSE. Kwa miaka mingi jambo hili limekuwa mahakamani, wahitimu upande mmoja na chuo upande mwingine, na majaji wamekuwa wakitoa maamuzi yasiyolingana juu ya maana ya sheria ileile. Nimekaa na vijana wa namna hiyo ofisini kwangu hapa Malindi. Digrii iko mezani, mama ameuza shamba, na mtoto anauliza kesi itachukua muda gani. Hakuna swali linaloniuma kama hilo, kwa sababu hata ukishinda kesi, miaka iliyokwenda hairudi.

Kwa hivyo chuo kinachotaka nusu ya karo mwezi huu, usikilipe. Sisemi ni matapeli. Cheti na diploma ya sheria ni masomo halali, na mtu mwenye diploma ana kazi ya kufanya katika ofisi za mawakili na mahakamani. Lakini wao wamekuonyesha ngazi bila kukuambia inaishia wapi. Kabla ya kutoa shilingi moja, liandikie Baraza la Elimu ya Sheria, uiandikie pia Kenya School of Law, uwaulize kwa lugha nyepesi: mimi nina C- ya KCSE ya mwaka 2022, nikisoma cheti, diploma, kisha digrii, nitapokewa kusomea uwakili? Omba jibu la maandishi. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi wa chuo chochote lisikushawishi. Halafu hakikisha jina la chuo hicho liko kwenye orodha ya Baraza ya vyuo vilivyopewa leseni kufundisha somo hilo hasa, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na leseni ya diploma na kisiwe na ya digrii.

Hata kama majibu yote mawili yatakuwa "ndiyo", bado nakushauri njia nyingine. Rudia KCSE.

Najua neno hilo linavyokaa tumboni. Una miaka 25, wenzako wana watoto shuleni, na mimi nakuambia ukakae mtihani mmoja na watoto wa kidato cha nne. Lakini chukua kalamu tuhesabu pamoja, maana nadhani hakuna aliyewahi kukukalia chini na karatasi yako.

KCSE inatoa pointi 12 kwa A na pointi 1 kwa E. Wastani unatokana na masomo saba. Ulipofanya mtihani 2022, hesabu ilikulazimisha kuingiza Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la jamii, na moja zaidi. Yako ikawa hivi: Hisabati 2, Kiingereza 5, Kiswahili 8, Biolojia 4, Kemia 2, Dini 9, Historia 7. Jumla 37, nayo ni C-. Biashara yako ya pointi 6 haikuhesabiwa, lakini Kemia ya pointi 2 ilihesabiwa.

Kuanzia mtihani wa 2023 utaratibu ulibadilishwa. Sasa kinachohesabiwa kwa lazima ni Hisabati na lugha moja, ile uliyofanya vizuri zaidi, kisha masomo mengine matano bora, yoyote yale. Chukua matokeo yako yaleyale uyaweke kwenye hesabu mpya: Hisabati 2, Kiswahili 8, halafu Dini 9, Historia 7, Biashara 6, Kiingereza 5, Biolojia 4. Jumla 41. Hiyo ni C kamili. C+ inaanzia pointi 46.

Hawatakuhesabia upya mtihani wa zamani, hilo lisikupotoshe. Lakini sasa unajua umbali. Wewe uko pointi tano tu kutoka mlangoni. Ukitoa Kiswahili kutoka B- hadi B umepata moja, na hapohapo umetimiza sharti la lugha. Hisabati ikitoka D- ikafika D+, umepata mbili. Historia ikiwa B-, moja. Biashara ikiwa C+, moja. Umefika 46, na Kiingereza hatujakigusa. Weka mwaka mmoja wa kazi hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka cheti, kisha diploma ya miaka miwili, pamoja na karo zake zote, ndipo uanze digrii ya miaka minne.

Lakini kuna saa inayokwenda. Mfumo wa 8-4-4 unafungwa. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, watoto wale wakaingia kidato cha kwanza 2024, nao watakaa KCSE mwaka 2027. Baada yao shuleni hakuna tena kidato cha nne cha mfumo huo. Usiuwekee tegemeo mpango wowote wa baada ya hapo. Nafasi zako za kurudia mtihani huu kwa raha zinahesabika kwa vidole, ndiyo maana nakuharakisha mimi mwenyewe nisiyependa kumharakisha mtu.

Utajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanywa miezi ya kwanza ya mwaka, na dirisha hilo likifungwa limefungwa. Wengi wanaolikosa si kwa kukosa pesa, ni kwa kudhani wana muda hadi Juni. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uulize kituo kipi kinapokea watahiniwa wa kujitegemea Lamu, na karo ya mtihani ni kiasi gani mwaka huu, kwa sababu mtahiniwa wa kujitegemea hujilipia mwenyewe. Ukitaka gredi ya wastani ni lazima usajili masomo saba au zaidi. Usikubali ushauri wa kurudia Kiswahili peke yake ili "uunganishe" na matokeo ya zamani: cheti kinachotakiwa ni kimoja, cha mtihani mmoja. Na ukichagua masomo, jihadhari na yale yenye mradi unaosahihishwa mwaka mzima, kama Kilimo. Mtu asiye shuleni huyaonea tabu bure.

Jambo moja dogo ambalo limewatesa wengi wa visiwani: majina. Tazama cheti cha kuzaliwa, cha KCPE, hati ya KCSE na kitambulisho chako. Kama mahali pamoja umeandikwa kwa jina la babu na pengine kwa jina la ukoo, au herufi zimepishana, lirekebishe sasa. Huku kwetu vyeti vingi vya kuzaliwa vilichukuliwa mtoto akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na kila karani aliandika alivyosikia. Karen watakuuliza.

Nije kwenye masomo yenyewe, na hapa nivumilie, maana ndipo ninapoona watu wa kwetu wanaumia bila sababu.

Kiswahili. Umezaliwa nyumbani ukisema Kiboni, ukaja Lamu ukajifunza Kiamu, na mtihani unataka Kiswahili Sanifu. Hiyo ni lugha ya tatu kwako, ingawa watu wa bara watadhani unayo bure kwa kuwa unatoka Pwani. Mwanafunzi wa Lamu huandika "mato" akimaanisha macho, "nti" akimaanisha nchi, "yana" akimaanisha jana, na haoni kosa kwa sababu hakuna kosa. Ndivyo wanavyosema watu waliotunga mashairi kabla Sanifu haijazaliwa. Msahihishaji ana mwongozo wake tu. Kwa hivyo jifunze kuandika kwa mikono miwili. Mkono wa Kiamu usiuache, kwa sababu katika karatasi ya tatu, ya Fasihi, ushairi unapotumia maneno ya kikale wewe utayaelewa pale wenzako wa Nairobi wanapokwama. Karatasi hiyo ina alama 80. Ya pili, ya lugha, ina 80 pia, na Insha ni 40. Nikikisia kutokana na vijana niliowaona, alama zako zilipotea kwenye karatasi ya pili: ngeli, uakifishaji, ufupisho, isimujamii. Mambo hayo hayaji kwa kusema lugha vizuri. Yanakuja kwa kukaa na kitabu cha sarufi na mitihani iliyopita, na mtu wa kukusahihishia. Tafuta mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha KCSE, umwombe akutazamie insha moja kila wiki. Walimu wetu hawakatai wakiona mtu amekusudia.

Hisabati ndiyo utakayoiogopa, nami nataka uione kwa jicho lingine. Umesema shule ilifungwa ukiwa darasa la sita. Darasa la sita na la saba ndipo mtoto anapotuliza sehemu, desimali, asilimia na uwiano. Ulirudi baada ya miaka miwili ukayapitia mbiombio, kisha kidato cha pili, pale aljebra inapokomaa, shule zote nchini zikafungwa Machi 2020, na kidato chenu hakikurudi hadi Januari 2021. Shimo lako halipo kidato cha nne. Usinunue vitabu vya marudio vya kidato cha nne, utazama. Anzia kitabu cha darasa la sita, bila aibu, ukijifungia chumbani ukitaka. Miezi miwili ya hapo, kisha panda. Unakaa kwenye M-Pesa, kila siku unahesabu floti, kamisheni na makato. Asilimia unazijua mikononi, bado kuzileta kwenye karatasi. D+ si ndoto. Hata C- si ndoto.

Dini na Historia zilinde. Biashara ipe saa zake. Kemia, kama utalazimika kuisajili kwa masharti ya sayansi mbili, isikule usingizi wako.

Kiingereza nilikuambia hakihitajiki kukufikisha 46. Ni kweli, lakini nitakuwa nimekudanganya nikiishia hapo. Kiswahili kitakufungulia mlango wa chuo. Ukiingia ndani, kila mhadhara, kila kitabu na kila mtihani ni kwa Kiingereza, na mitihani ya Baraza vilevile. Nimewaona vijana wenye akili kali wakianguka mwaka wa kwanza kwa sababu hii moja. Basi anza sasa, na anza kwa kitu kinachokuhusu. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Tafuta ile ya wavuvi wa Lamu, ambayo Mahakama Kuu iliitoa mwaka 2018 kuhusu ujenzi wa bandari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tafuta na uamuzi wa Juni 2019 wa Baraza la Kitaifa la Mazingira, uliofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu. Watu wanaotajwa humo ni majirani zako. Soma aya mbili kwa siku, kamusi mkononi, kisha uandike kwa Kiswahili chako aya hiyo imesema nini. Usihesabu kurasa. Baada ya miezi sita utashangaa, na utakuwa umejifunza sheria kabla ya kufundishwa: nani analalamika, anataka nini, ametumia kifungu gani, jaji amekubali nini na amekataa nini.

Kuna shauri jingine utakalopewa, nalifahamu kwa sababu kila mwaka naulizwa: uende nchi jirani, ambako vyuo vina mlango wa watu wazima waliokosa alama. Milango hiyo ipo na ni halali huko kwao. Lakini ukirudi Kenya na digrii ya nje, sheria ya Kenya School of Law inakudai C+ ya KCSE, B ya lugha, na juu yake mtihani wa awali kabla ya kupokelewa. Umezunguka na kurudi palepale.

Sasa kisa chako. Nilisema haki yako ya kifungu cha 56 ina mahali pake, na barua yako pia ina mahali pake. Ni kwenye pesa. Ukishapata C+ na chuo kikakupokea, utaomba mkopo wa HELB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, basari ya kaunti, basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ufadhili wa mashirika. Huko wanasoma barua, na huko anayejua kueleza anapata.

Wengi huandika hivi: "Mimi ni mtoto maskini niliyeteseka sana tangu utotoni, naomba mnionee huruma mnisaidie." Kamati husoma barua mia za namna hiyo kwa siku moja, na zote zinafanana. Wewe una ukweli ambao haufanani na wa mtu mwingine, kwa hivyo uandike wazi, kwa tarehe. Kwa mfano: "Shule yetu katika wadi ya Basuba ilifungwa mwaka 2014 nikiwa darasa la sita, walimu walipoondoka kwa sababu ya usalama. Sikusoma kwa miaka miwili. Nilirudi 2016 darasa lilelile, mjini Lamu. KCSE ya 2022 nilipata C-. Nimejisomea nikifanya kazi dukani, nikarudia mtihani, nikapata C+." Hapo hujamwomba mtu huruma. Umempa mambo anayoweza kuyathibitisha, na tofauti ya gredi hizo mbili imesema bidii yako bila wewe kujisifu. Usifiche ile C-. Aliyesoma kwa kukatizwa akificha matokeo ya kwanza anapoteza ushahidi wake bora.

Kisha ambatisha karatasi. Barua ya chifu inayosema shule ilifungwa lini. Barua ya mwalimu mkuu aliyekupokea Lamu mjini. Nakala za vyeti vyote viwili vya KCSE. Anza kuzikusanya mwaka huu, maana machifu huhamishwa, walimu wakuu hustaafu, na aliyekuwepo 2014 akiondoka hakuna wa kukuandikia. Usieleze yaliyotokea kijijini zaidi ya unavyotaka mwenyewe. Hakuna kamati yenye haki ya kukutaka uyafungue majeraha ya ndugu zako ili ulipiwe karo. Sentensi moja inatosha, na kama ukiitwa kwenye mahojiano mtu akakuchimba, sema kwa adabu kwamba yaliyo muhimu umeyaandika.

Kuhusu uchaguzi wa chuo nitasema kidogo. Nafasi za Serikali za sheria hugombaniwa na wenye alama za juu sana, kwa hivyo mwenye C+ huishia kujilipia. Ndiyo maana mambo ya ufadhili nimeyakalia. Chagua chuo kilicho kwenye orodha ya Baraza, ulinganishe karo pamoja na gharama ya kuishi hapo, usitazame karo peke yake.

Na muda: digrii miaka minne, kisha Karen na mafunzo, kisha kuapishwa. Utakuwa na miaka 32 au 33. Nimeapishwa pamoja na watu waliokuwa na miaka 40, na wateja hawakuuliza.

Wakati unasubiri mtihani usikae mbali na kazi hii. Mahakama ya Lamu ni mahakama ya wazi. Mtu yeyote anaweza kuingia, akaketi nyuma, akanyamaza, akasikiliza. Mwombe jamaa yako siku moja ya mapumziko kila wiki mbili uende. Tazama wakili anavyomhoji shahidi, tazama pia watu wanaosimama bila wakili na wanavyopotea kwa kutojua la kusema. Tena, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa kusaidia jamii zao bila kuwa mawakili. Ukisikia mafunzo ya namna hiyo yamekuja Lamu, jiandikishe. Kijijini kwenu mtu anayeweza kusoma hati ya ardhi na kumweleza mzee kwa Kiboni ni hazina leo, kabla hujawa na digrii yoyote.

Umeniuliza kama ufuate njia ya chuo kile. Jumatatu, kabla ya kufungua duka, nenda ofisi ya elimu na nakala ya hati yako ya matokeo na kitambulisho. Uliza tarehe ya usajili, kituo, na ada. Ukishapata majibu hayo matatu niandikie tena, uniambie na masomo saba uliyoyachagua, tuyahesabu upya pamoja kabla hujalipa.